Tangazo la Chuo Lina Mwenyewe

Chuo kinapotafuta wanafunzi siku hizi, ni nadra kazi hiyo kufanywa na watumishi wake peke yao. Chuo hukodi kampuni ya kubuni matangazo, hununua dakika redioni, huwalipa wenye kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp, na mara nyingi humtegemea wakala, au komisioneri kama anavyoitwa Rumonge na Bujumbura nchini Burundi, anayepita shuleni na mitaani akikusanya majina ya vijana. Watu na makampuni hayo, ambayo si sehemu ya chuo bali hulipwa nacho ili yakitangaze, ndio wazabuni wa matangazo. Kila mmoja wao hubeba jina la chuo mbele ya watu, na ndiyo maana swali la nani awajibike pale mzabuni anaposema uongo limezishughulisha serikali za nchi nyingi. Jibu linalozidi kukubalika, nalo ni jibu la haki, ni kwamba tangazo ni la chuo hata kama maneno yametamkwa na mwingine.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwenye ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Mji wa Rumonge uko kando ya barabara kuu namba 3, zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, na bandari yake hufanya biashara na majirani wa ng'ambo ya ziwa. Kiswahili husikika sokoni na bandarini, na tangazo lililotungwa kwa lugha hiyo Nairobi au Dar es Salaam halihitaji mkalimani ili lieleweke hapo. Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi wanachama waliitangaza jumuiya hiyo kuwa eneo moja la elimu ya juu, kwa maana kwamba nchi hizo zinakusudia kutambuliana masomo na shahada ili mwanafunzi aweze kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine bila kuanza upya. Kwa hiyo kijana wa Nyanza-Lac, mji mwingine wa ufuko huo, aliyefaulu mtihani wa taifa anaweza kuchagua chuo ambacho wazazi wake hawatakiona kwa macho kabla ya kulipa ada, na ada yenyewe hutokana na mawese, au samaki wa mukeke na ndagala. Familia ya namna hiyo haina kingine cha kukipimia chuo isipokuwa yale iliyoambiwa.

Mfano ulio wazi zaidi wa uwajibikaji huu unatoka Marekani. Mwezi Agosti 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho, ambayo ni chombo cha serikali kinachowalinda wanunuzi dhidi ya udanganyifu, ilitangaza mapatano ambayo kwayo kampuni ya Career Education Corporation, mmiliki wa Colorado Technical University na American InterContinental University, ilikubali kulipa dola milioni 30. Sehemu kubwa ya madai iliwahusu wakusanya majina, yaani makampuni yanayofungua tovuti za kuwavutia watu, yakachukua namba zao za simu na kuviuzia vyuo. Tume ilidai kwamba baadhi yao walijifanya wana uhusiano na jeshi la Marekani, na kwamba wengine waliwaita watu kwa ahadi ya kuwatafutia kazi, ilhali shabaha ilikuwa kuwaingiza masomoni. Kwamba tovuti hizo zilikuwa mali ya watu wengine hakukuiondolea kampuni dhima. Ilitakiwa kuanzisha utaratibu wa kuwachunguza wazabuni wake na kuyafuatilia matangazo yao. Kwa lugha nyepesi, chuo kiliambiwa kwamba anayenunua majina hana budi kujua yalivyopatikana.

Mwaka huohuo, mwezi Desemba, University of Phoenix nacho kilifikia mapatano na tume hiyo ya dola milioni 191, ambazo milioni 141 kati yake zilikuwa madeni ya wanafunzi yaliyofutwa, kuhusu matangazo yaliyodaiwa kuwafanya watu waamini kwamba makampuni makubwa kama Microsoft yalishirikiana nacho katika kuwaandalia wahitimu ajira.

Hata hivyo kiini cha tatizo hukaa katika malipo kabla ya kufika katika maneno, na hapa ndipo vyuo vingi hukosea. Wakala anayelipwa kwa kila kichwa kilichoandikishwa ana sababu ya kuahidi makuu, kwa kuwa kamisheni yake huingia siku ya usajili, nao ukweli hujulikana baada ya miaka mitatu au minne wakati yeye hayupo tena. Bunge la Marekani liliona hatari hiyo, na mwaka 1992 likavikataza vyuo vinavyopokea fedha za shirikisho kuwalipa waandikishaji kwa kufuata idadi ya wanafunzi waliowapata. Lakini sheria hiyohiyo iliacha nje uandikishaji wa wanafunzi wa kigeni wanaoishi nchi za nje wasiostahili misaada hiyo ya fedha. Maana yake ni kwamba kijana wa Rumonge hakuwekewa kinga aliyowekewa kijana wa Chicago, ingawa ndiye aliye mbali zaidi na mwenye njia chache za kuuliza. Huo ni upungufu mkubwa, na chuo chenye nia njema huuziba chenyewe kwa kumlipa wakala ujira wa kazi aliyoifanya, au kwa kuzuia sehemu ya kamisheni hadi mwanafunzi amalize mwaka wa kwanza.

Australia imelichukua jambo hili kwa ukamilifu zaidi. Chini ya sheria ya mwaka 2000 inayolinda wanafunzi wa kigeni, na kanuni zake za taifa za mwaka 2018, kila chuo kinachopokea wanafunzi hao lazima kiwe na mkataba wa maandishi na kila wakala anayekiwakilisha rasmi, kimwingize katika mfumo wa serikali, kifuatilie mwenendo wake, kimrekebishe anapoteleza, na kiuvunje mkataba kinapogundua kwamba wakala huyo si mwaminifu. Faida ya utaratibu huu ni kwamba chuo hakiwezi kudai baadaye kwamba wakala fulani kilikuwa hakimjui.

Katika kazi ya kila siku, ukaguzi huanza na karatasi moja. Chukua tangazo fupi la redio lenye maneno haya: chuo kinatambuliwa na serikali, kinatoa shahada ya uuguzi, nafasi ni chache. Mkaguzi makini wa chuo atalirudisha kwa mzabuni, kwa sababu kutambuliwa kwa chuo ni jambo moja na ithibati ya programu ni jambo lingine. Ithibati ni uthibitisho wa mamlaka kwamba programu fulani ya masomo imekidhi viwango, na chuo kilichosajiliwa kihalali kinaweza kuwa na programu isiyo nayo. Atauliza pia nafasi hizo ni ngapi hasa, na kama hakuna idadi, maneno hayo yatafutwa. Kisha ataagiza kwamba nakala za Kifaransa, Kirundi na Kiswahili zipitiwe zote, na kwamba mtangazaji asiongeze chochote wakati wa kusoma, kwa kuwa ahadi za kazi na za visa mara nyingi huzaliwa katika nyongeza za namna hiyo.

Kibali cha tangazo nacho kina muda wake. Mwezi Julai 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na mwaka 2023 Uganda ilikumbwa na mjadala mkali baada ya programu nyingi za vyuo vyake, Makerere kikiwemo, kuonekana katika orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kuwa muda wa ithibati yake umekwisha. Tangazo lililokuwa kweli mwezi Januari linaweza kuwa uongo mwezi Agosti, nalo bado limebandikwa ukutani au linazunguka katika simu za watu. Mkataba mzuri humlazimu mzabuni kuliondoa mara tu anapoarifiwa.

Majina na taarifa za vijana zinazokusanywa na mawakala pia zina ulinzi wa sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwezi Septemba 2023 kamishna wa data wa nchi hiyo aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ilianza kutekeleza sheria yake ya taarifa binafsi tarehe 1 Mei 2023. Komisioneri anayenakili namba za wanafunzi kutoka daftari la shule bila ridhaa yao anakiingiza chuo hatarini, hata kama kila alilosema juu ya chuo hicho ni kweli.

Kwa upande wa Burundi, elimu ya juu iko chini ya wizara ya elimu pamoja na Tume ya Taifa ya Elimu ya Juu, CNES, na vyombo vya habari viko chini ya Baraza la Taifa la Mawasiliano, CNC. Juu ya hayo, Burundi ni mwanachama wa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo kanuni zake za ushindani zinakataza kudai kwamba huduma ina idhini au ubora ambao haina. Vyuo vya Bujumbura na vile vya nchi jirani vinavyotafuta wanafunzi Rumonge havina sababu ya kungoja kushitakiwa. Vichapishe orodha ya mawakala wao kwa majina, na viibandike hata katika ofisi za tarafa na shule za sekondari za ufuko mzima.

Mzazi naye, kabla ya kutoa hata faranga moja, adai kwa maandishi jina kamili la programu na ushahidi wa ithibati yake, kisha aulize mamlaka ya nchi ambako chuo kipo kama programu hiyo imo katika orodha ya mwaka huu. Ada ilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo, isipitie mkononi mwa komisioneri.