Je, unajua kilicho kwenye ovaroli ya baba?

Jioni baba anapobisha hodi, watoto humrukia hata kabla hajavua viatu. Ovaroli yake nayo huishia katika beseni moja na nguo za mtoto mchanga. Msomaji, umewahi kumwuliza hushika nini huko kiwandani? Na yeye mwenyewe, je, ameambiwa?

Kwa miaka kadhaa hadi 2014, kiwanda kimoja katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Bi Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka wa 2009, si kwenye tanuri bali ofisini. Mwanawe aliyekuwa akinyonya akaanza kuugua, na matibabu ya kawaida hayakufua dafu hadi damu yake ilipopimwa na kupatikana na risasi. Sumu ilikuwa imempitia mama kwanza, ikamfikia mtoto katika maziwa.

Bi Omido aliacha kazi hiyo akaanza kuwatetea wakazi. Mnamo 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka wa 2024, miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa!

Risasi ni adui mpole. Vumbi lake hukaa kwenye nguo na nywele bila mtu kushtuka. Ikishaingia mwilini hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na kiasi kidogo tu chaweza kudhuru ubongo wa mtoto.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haimruhusu mwajiri kungoja aulizwe. Anatakiwa awaeleze wafanyakazi hatari iliyopo na kuwafunza jinsi ya kujikinga. Kila kemikali hatari yapasa kuja na karatasi ya maelezo ya usalama: jina lake, madhara yake, na la kufanya ikikumwagikia au ukiivuta. Karatasi hiyo si siri ya meneja. Una haki ya kuisoma, na kama ni ya Kiingereza kigumu, omba ufafanuliwe.

Sheria pia inakataza mtu kufutwa kwa sababu amelalamika. Lakini tusidanganyane: kibarua mwenye maswali mengi huweza kufika langoni kesho akaambiwa hakuna kazi. Ndiyo maana ni heri kuuliza mkiwa wengi, kupitia chama chenu au kamati ya usalama, ambayo ni lazima iwepo penye wafanyakazi 20 au zaidi. Wakikataa kuwajibu, wapo wakaguzi wa usalama kazini walio chini ya Wizara ya Leba.

Nanyi wanafunzi mnaotafuta vibarua wakati wa likizo, hasa kwenye gereji za kupaka magari rangi, ukikabidhiwa chupa ya soda yenye kitu kisichokuwa soda, uliza ni nini kabla hujaifungua.

Nyumbani, ovaroli ifuliwe peke yake, na baba aoge kabla ya kumpakata mtoto. Siku mtakapokwenda hospitalini, mwambieni daktari baba hufanya kazi gani na hushika kemikali ipi, kwa maana hawezi kubahatisha. Basi mwambie akuletee jina hilo kesho, uliandike na kuliweka pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.