Ndege Wageni katika Mabonde ya Kisii na Nyamira

Ifikapo mwezi wa Agosti, mtu apitaye alfajiri kando ya mabonde ya majimaji ya Kisii na Nyamira aweza kumwona ndege mdogo wa kahawia, mwenye madoadoa meupe mgongoni na miguu mirefu ya manjano, akitembea topeni na kudonoa wadudu. Akishtuliwa hulia kwa sauti kali na kuruka, na weupe ulio juu ya mkia wake huonekana wazi.

Wengi humwona na kupita, wakidhani ni ndege wa hapa. Sivyo. Huyo ni mmoja wa jamii ya sululu, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, naye alilea makinda yake katika nchi za kaskazini kama vile Finland na Urusi. Huko, wakati wa kiangazi, mchana ni mrefu mno na wadudu ni tele. Lakini baridi ikija matope hugeuka barafu, wala mdomo wake mwembamba hauwezi kutoboa barafu. Ndiyo sababu huanza safari mapema, hata mwezi wa Julai, na kuvuka jangwa la Sahara ili kuja kwetu. Ifikapo Aprili huwa amekwisha kushika njia ya kurudi. Hahitaji ziwa, kipande cha tope chenye maji ya kufika kifundoni chamtosha.

Mwenyeji wa mabonde hayo ni korongo mwenye taji, yule aliyewekwa katika bendera ya Uganda. Jike hutaga mayai mawili au matatu katikati ya mafunjo na matete, na huyaatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Makinda hawawezi kuruka kabla ya miezi miwili au mitatu. Muda huo wote hujificha katika majani. Mwaka 2012 ndege huyu alitiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Hatari yenyewe yaonekana kwa macho hapo Sironga, katika Nyamira, na penginepo. Udongo huchimbwa kwa matofali, mifereji hukatwa ili maji yatoke, na mikaratusi hupandwa mpaka ukingoni. Si haki kumlaumu mwenye shamba peke yake: mashamba ya Kisii ni madogo, na tofali hulipa karo. Hata hivyo, kinamasi ndicho kishikacho maji ya masika na kuyaachilia polepole vijitoni wakati wa ukame, nayo mikaratusi hunywa maji mengi. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ing'olewe kando ya mito. Lakini ingali yaonekana kando ya vijito vingi.

Atakaye kuwatazama ndege hawa na aende mapema, jua likiwa mgongoni mwake, akae kimya ukingoni, na mbwa abaki nyumbani. Walimu wafanya vema wakiwapa wanafunzi daftari la kuandika tarehe sululu wa kwanza aonekanapo na siku atowekapo. Naye akataye mafunjo, akikuta kiota cha korongo, akiache na majani yanayokizunguka mpaka makinda waruke.