Mkoa wa Katavi na Ufunguo wa Kugawa Majedwali
Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na makao yake makuu kuwekwa Mpanda, ulikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo, lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Ongezeko hilo, ambalo wahamiaji wakulima na wafugaji wamelichangia sana, linawahusu pia watunzaji wa kanzidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa katika majedwali ndani ya kompyuta.

Jedwali likifikia mamilioni ya kumbukumbu, hugawanywa vipande ndani ya seva ileile, yaani kompyuta inayolihifadhi, ili anayetafuta habari za Katavi asipekue za nchi nzima. Seva hiyo ikielemewa, vipande husambazwa kwenye seva kadhaa. Kinachoamua kumbukumbu ipi ikae wapi huitwa ufunguo wa mgawanyo, na kosa la kuuchagua halitibiwi kwa kununua mashine zaidi.

Mkoa ni ufunguo unaovutia, lakini mipaka ya utawala haitulii: jedwali lililogawanywa hivyo kabla ya 2012 lingelazimika kuhamisha kumbukumbu zote za Mpanda kutoka kipande cha Rukwa, bila hata moja kupotea wala kuhesabiwa mara mbili. Isitoshe, seva ya Dar es Salaam, mkoa uliokuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, ingebeba zaidi ya mara nne ya mzigo wa Katavi.

Njia yenye usawa zaidi ni kugawa namba ya kumbukumbu kwa idadi ya seva na kutazama baki; zikiwapo seva nne, namba 58463 huacha baki 3, nayo huenda kwenye seva ya baki hilo. Hata hivyo, kuwahesabu wakazi wa Katavi sasa kunahitaji kuziuliza seva zote nne, na seva ya tano ikiongezwa mabaki hubadilika, hivyo kumbukumbu nyingi huhama. Ndiyo maana wajenzi makini hutenga mapema vipande vidogo vingi, tuseme 1,024, kisha huhamisha vipande vizima.

Halmashauri ya ukubwa wa Nsimbo au Mpimbwe, zote za Katavi, haina haja ya haya yote. Stakabadhi za mapato zinaweza kugawanywa kwa mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1, ndani ya seva moja, kazi ambayo programu ya kanzidata ya PostgreSQL imeirahisisha tangu toleo la 10 la mwaka 2017. Mwaka wa zamani usipohitajika tena, kipande chake hubanduliwa kizima na kupelekwa kwenye hifadhi, bila kufuta stakabadhi moja moja.