Mama Anayelea Peke Yake Anahitaji Watu Kabla ya Mtaji

Katika mialo ya Musoma, dagaa hawamsubiri mtu. Mitumbwi hutoka na taa usiku wa giza na kurudi alfajiri, na mchuuzi mdogo anayechelewa kufika ufukweni hukuta mzigo umekwisha. Baada ya kununua kuna kuanika, kugeuza, kuchungulia wingu la mvua na kufukuza ndege. Mbalamwezi ikikomaa, uvuvi wa taa husimama na kipato hukatika. Mama mwenye mume au mama mkwe nyumbani huimudu ratiba hiyo kwa taabu. Anayelea peke yake hana wa kumwachia mtoto saa kumi na moja alfajiri. Tumezoea kusema kwamba tatizo la mama huyu ni mtaji. Mtaji anauhitaji kweli, lakini kinachomkwamisha mwanzo kabisa ni muda, na pia mtu wa kusimama naye. Hivyo viwili jirani anayejitolea anaweza kuvitoa upesi kuliko ofisi yoyote.

Mkoa wa Mara una sababu ya kulifikiria jambo hili mapema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 31 ya wasichana wa Mara wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 22. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, uamuzi uliochelewa ila wa haki. Hata hivyo ruhusa peke yake haibebi mtoto. Msichana wa Bunda anaporudi darasani, kichanga chake kinabaki na nani? Kama bibi yuko shambani tangu asubuhi, jibu litatoka kwa majirani au halitatoka kabisa. Na kusaidiana kwa mpango si jambo geni huku: Wakurya wana risaga, kundi la kazi linalokwenda kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Huko Kiabakari, wilayani Butiama, shirika la Hope for Girls and Women lililoanzishwa na Rhobi Samwelly lina nyumba salama ya wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni, nalo hutegemea wanavijiji wanaojitolea kutoa taarifa kwa simu msichana anapokuwa hatarini. Nyumba hiyo isingemfikia msichana wa kijiji cha mbali bila jirani mwenye macho na ujasiri.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya Serikali, na kwamba kuwasifu wanaojitolea ni kuipunguzia wajibu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama njia ambazo Serikali yenyewe imezifungua. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kati ya hizo zikiwa za wanawake, na mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi. Mama aliyetengwa baada ya kuachwa hana kikundi, kwa hiyo mlango uko wazi na hawezi kuingia. Mikopo hiyo iliposimamishwa kwa muda Aprili 2023, waliokuwa kwenye vikoba walibaki na hisa zao na mfuko wa jamii wa kukimbilia wakati wa ugonjwa au msiba. Kikundi kinachompokea mwanachama asiye na chochote na kumruhusu aanze na hisa moja kinampa jina la kukopesheka, na jina hilo halitoki kwenye bajeti.

Wengine huuliza: je, baba? Hakika asisahauliwe. Sheria ya zamani ilimtaka baba wa mtoto wa nje ya ndoa alipe matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi, kiwango kilichokuja kuwa dhihaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta, na sasa mahakama huangalia kipato cha wazazi. Ila kudai haki kunataka nauli, barua, na siku nzima ya kukaa ofisini bila biashara. Msaidizi wa kisheria anayejitolea, akimwelekeza mama kwa afisa ustawi wa jamii, na jirani akibaki na watoto wake siku hiyo, ndio wanaoifanya sheria imfikie baba. Msaada wa namna hii unamrudisha kwenye wajibu wake.

Hofu ninayoiona nzito zaidi ni nyingine: wanaojitolea wengi ni wanawake maskini kama yule wanayemsaidia. Wakibebeshwa bila mpango watachoka, na uchovu huzaa masimango, ambayo humuumiza mama kuliko njaa. Kwa hiyo zamu ziandikwe, zigawanywe kwa watu wengi, wanaume wakiwemo, ziwe na mwisho unaojulikana, na mama mwenyewe awekwe kwenye zamu ya wengine mara tu anapopata nafuu.

Wenyeviti wa mitaa na vitongoji vya Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na viongozi wa misikiti na makanisa, mnawafahamu akina mama hawa kwa majina. Itisheni kikao wiki hii, muulizeni kila mama saa zipi zinamshinda, kisha pangeni nani atakuwa na watoto wake saa hizo.