Fahamu: Gabon inavyotafuta riziki bila kufyeka msitu

Misitu imefunika karibu asilimia 88 ya Gabon, nchi ambayo kwa miongo mingi imeishi kwa mafuta. Sasa visima vinazeeka. Je, msitu unaweza kuleta pato ukiwa bado umesimama?

Mwaka 2002, Rais Omar Bongo alitangaza hifadhi za taifa 13, takriban asilimia 11 ya nchi kavu. Mwaka 2010 ikawa marufuku kuuza magogo ghafi nje: mti ukikatwa, sharti upasuliwe nchini kwanza. Viwanda vya mbao, plaiwudi na samani vikaota Nkok, karibu na Libreville, na ajira zilizokuwa zikisafiri na magogo zikabaki nyumbani.

Msitu uliosimama huleta pia fedha za kupunguza hewa ukaa, lakini ni chache. Mwaka 2021, Gabon ilipokea dola milioni 17 zilizotoka Norway, ikiwa nchi ya kwanza Afrika kulipwa kwa kupunguza hewa hiyo.

Anayebeba gharama ya kulinda msitu ni mkulima. Tembo wa msituni, wanaokadiriwa kuwa 95,000, huvamia migomba na mihogo yake usiku. Bila fidia ya haraka, uhifadhi utakosa watetezi vijijini.