Kabla ya Kubuni Herufi, Piga Picha ya Patasi

Mtu wa Makupa, Mombasa, anayetaka kubuni hati yake mwenyewe ya maandishi, iwe ya riwaya, ya mchezo wa kompyuta au ya lugha ya kwao, hana haja ya kwenda mbali kutafuta malighafi. Matatu ya kwenda mjini humfikisha karibu na Ngomeni, na kuanzia hapo miguu inatosha. Maandishi yako kwenye mawe, milangoni, kwenye makabati ya vioo na madukani. Simu anayo. Shida ni kujua apige picha ya nini.

Wengi hupiga umbo. Hukusanya herufi nzurinzuri, wakachukua mkia wa hii na kichwa cha ile, na kinachotoka ni pambo lisiloandikika. Picha yenye faida ni ile inayoonyesha mkono ulipita wapi, na ulishika nini.

Juu ya lango la ngome hiyo, Fort Jesus, kuna maandishi ya Kireno ya enzi za kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, yaliyochongwa kwenye jiwe. Ndani ya jumba la makumbusho kuna michoro ambayo Wareno waliokuwa ngomeni waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, watu. Michoro hiyo si maandishi, lakini mbunifu wa hati aitazame kwa makini kuliko wageni wengine wote. Makaa huteleza na kukunja kona bila kuinuka. Tindo husimama, hugeuzwa, huanza upya. Ndiyo maana jiwe hupenda pembe na mkaa hupenda mviringo. Atakayeweka picha hizo mbili bega kwa bega amepata somo lake la kwanza.

Pwani yetu ina jambo lake hapa. Tumbawe likitolewa baharini huwa laini na huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Kwa jiwe hilo mafundi waliweza kusuka herufi za Kikufi kama zile za msikiti wa Kizimkazi, Unguja, zenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Kisha kuna milango ya Mji wa Kale. Kwenye kizingiti cha juu cha baadhi yake fundi aliondoa mbao kwa patasi, akaacha herufi za Kiarabu zikiwa zimeinuka. Sogeza kamera hadi kwenye nukta moja. Kwa mwenye kalamu ya tete, nukta ni kugusa karatasi tu. Kwa mchongaji ni kisiwa: lazima azunguke pande zote bila kukivunja. Hati yenye nukta nyingi ni rahisi kwa katibu na ni adhabu kwa seremala, na mbunifu inafaa aamue mapema anamhurumia nani. Picha kama hiyo ipigwe asubuhi au alasiri, jua likitoka ubavuni, kwa sababu jua la utosini hufuta vivuli na kina hakionekani. Iwekwe rula kando, na lebo ya kitu ipigwe pia. Milango ni ya watu; hodi kwanza.

Kuna aliyeanza na ukuta mtupu. Mwaka 1978, huko Mbanza-Ngungu nchini Kongo, Wabeladio Payi aliona katika mistari ya saruji kati ya matofali maumbo mawili yanayofanana na tarakimu 5 na 2. Kwa kuyageuza na kuyapindua akajenga Mandombe, hati ambayo Kanisa la Kimbangu limeifundisha. Ni wazo la werevu mkubwa, lakini lina gharama yake: herufi zinapotofautiana kwa upande zinaoutazama tu, msomaji mwenye haraka hujikwaa.

Hata hivyo umbo ndilo jepesi. Sauti ndizo zinazotoa jasho, na Mombasa imehangaika nazo muda mrefu. Katika mwandiko wa zamani wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, *ba* moja ilibeba b, p na mb. Kasra moja ikabeba i na e. Kwa hiyo “bibi” na “pembe” ziliweza kuandikwa vilevile, msomaji akategemea muktadha. Katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia mmisionari William Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, aliandika kwa mwandiko ulioongezewa alama za sauti za Kimvita, lahaja ya mji huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake *Sahifa* kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi London, akishirikiana na P. J. L. Frankl, alichapisha mapendekezo ya mfumo kamili. Hao hawakubuni hati mpya. Waliitengeneza iliyopo ienee mdomoni mwao, na kazi hiyo ni ngumu zaidi. Kilatini chenyewe hakijaimaliza: “paa” mnyama na “paa” la nyumba, kwa Mmvita, hazianzi na p moja.

Mbunifu apite pia Biashara Street atazame kanga, ambazo majina yake zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na akirudi Makupa asome matatu zilizoandikwa kwa rangi. Herufi ya kanga husomwa ikiwa imekunjamana mgongoni mwa mtu. Ya matatu husomwa ikikimbia.

Yuko pia aliyebuni hati mpya kabisa. Cusmaan Yuusuf Keenadiid wa Hobyo, aliyebuni hati ya Osmanya ya Kisomali mwanzoni mwa miaka ya 1920, alifuata mpangilio wa alfabeti ya Kiarabu lakini akaandika kutoka kushoto kwenda kulia, kwa maumbo yake mwenyewe. Serikali ya Somalia ilichagua Kilatini mwaka 1972. Osmanya iliingizwa kwenye Unicode mwaka 2003, na leo simu ya yeyote yenye fonti yake inaweza kuionyesha.