Je, Wajua? Dirisha la Kompyuta na Mahali Lilipoachwa

Je, wajua kwamba Windows, kwa sehemu kubwa, haishughuliki kukumbuka dirisha la programu lilikuwa wapi jana? Kazi hiyo imeachiwa kila programu. Ndiyo maana kwenye kompyuta moja, katika ofisi moja mjini Wote, programu ya hesabu hufunguka pale pale ilipofungiwa, huku jirani yake ikijitokeza popote. Mashine haina kasoro. Aliyeandika programu ya pili hakuiwekea kumbukumbu.

Je, wajua kumbukumbu yenyewe ni ndogo kiasi gani? Namba nne zinatosha: umbali kutoka ukingo wa kushoto wa skrini, umbali kutoka juu, upana na kimo. Windows huwapa waandishi wa programu aina ya fomu ya kujaza, yenye baiti 44 tu, inayobeba vipimo hivyo pamoja na hali ya dirisha: limetandazwa skrini nzima, limefichwa chini, au ni la kawaida. Kwa miaka mingi Notepad iliweka zake kwenye rejista ya Windows, na mwenye udadisi aliweza kuzifungua akazisoma.

Je, wajua kwa nini stima ikipotea ghafla Mutomo au Kibwezi, madirisha hurudi yalipokuwa juzi? Programu nyingi huandika namba zake wakati wa kufungwa. Stima ikikatika, hakuna kufunga, kuna kuzimika tu, na kesho yake programu husoma namba za mara ya mwisho ilipofungwa kwa utaratibu. Firefox ilijihami: kukiwa na kilichobadilika, huhifadhi hali ya kikao kila baada ya sekunde 15, ukubwa na mahali pa dirisha vikiwemo. Watumiaji wa programu nyingine wanahitaji UPS, betri ya akiba, chini ya meza.

Je, wajua dirisha linaweza kufunguka mahali pasipo na skrini? Hili ndilo linalosumbua shule zetu kuliko yote. Mwalimu wa Mwingi au Makindu anaunganisha projekta, anaifanya kuwa skrini ya pili, anaburuta dirisha la somo hadi ukutani. Kipindi kinaisha, anachomoa waya. Baadaye anafungua programu ile ile ofisini: ikoni yake inaonekana kwenye mstari wa chini, dirisha halionekani. Likimpata mwanafunzi anayeanza kompyuta, hudhani ameharibu mali ya shule. Linaniuma hilo, kwa sababu mtoto akishaiogopa mashine mapema, kumrejeshea ujasiri ni kazi kubwa. Hajaharibu chochote. Programu imekwenda kukaa ilipoambiwa, kwenye skrini ambayo imeshaondolewa.

Dawa yake iandikwe ukutani katika kila chumba cha kompyuta. Bofya ikoni ya programu kwenye mstari wa chini. Shika Alt, gusa kitufe kirefu cha nafasi, kisha gusa M. Gusa mshale wowote wa kibodi mara moja, halafu sogeza kipanya bila kubonyeza kitu. Dirisha litaandamana na kipanya mpaka litokee. Hapo bofya, litulie. M ikikataa, huenda dirisha limetandazwa skrini nzima, basi tumia R kwanza badala yake, kisha rudia. Na kabla ya kuchomoa projekta, shika kitufe cha Windows, gusa P, uchague skrini ya kompyuta peke yake. Madirisha yatarudi nyumbani yenyewe.

Je, wajua kuna anwani ya mbali ambako madirisha hupelekwa? Dirisha ukilificha chini, Windows hulihamishia kwenye hasi 32,000 kwa upana na hasi 32,000 kwa kimo, nje kabisa ya skrini. Mwandishi wa programu asiye mwangalifu akihifadhi namba hizo, mtumiaji ataletewa dirisha la huko huko asubuhi.

Windows ya kwanza, iliyotoka Novemba 1985, haikuruhusu madirisha ya programu yapandane. Yalipangwa ubavu kwa ubavu. Ruhusa ya kulaliana ilikuja na Windows 2.0 mwaka 1987.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina kipengele cha kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na skrini zilizounganishwa. Kiko kwenye mipangilio ya skrini. Kiwashe.

Je, wajua faili la .DS_Store unalolikuta kwenye flashi iliyopita kwenye Macintosh si virusi? Linahifadhi namna folda ilivyoonekana: dirisha lake, ukubwa wake, ikoni zilivyokaa. Ukilifuta, kazi yako haiguswi. Wazo hilo ni la zamani: tangu Macintosh ya 1984, diski yenyewe ilibeba kumbukumbu ya madirisha ya folda zake, hivyo ukiipeleka kwenye mashine nyingine folda zilifunguka ulivyoziacha.

Na kwenye Linux? Mfumo wa X, ulioanza chuoni MIT mwaka 1984, hukubali uamuru dirisha kwa maandishi: kwa dirisha la amri za maandishi, 80x24+100+50 ni herufi 80 kwa upana, mistari 24, nukta 100 kutoka kushoto, 50 kutoka juu. Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008 na sasa unatumiwa na Ubuntu, uligeuza mambo. Programu ya kawaida haiambiwi iko wapi kwenye skrini wala haijiweki itakapo, kwa sababu za kiusalama zikiwemo. Hukumbuka ukubwa tu. Mahali ni uamuzi wa mfumo.

Huko Malili, Makueni, ambako Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia la Konza Januari 2013, kuna kituo cha taifa cha data. Duniani kote, seva nyingi za vituo vya namna hiyo hazina madirisha kabisa. Huendeshwa kwa amri za maandishi kutoka mbali.

Je, wajua kumbukumbu hizi za madirisha zina jicho? Kila unapofungua folda, Windows huandika ulivyopenda ionekane, na pamoja na hayo huandika jina la folda na mahali ilipokuwa. Maandishi hayo hubaki hata flashi ikishachomolewa, hata folda ikishafutwa. Wachunguzi wa uhalifu wa kompyuta huyategemea. Sasa fikiria saiba ya Kitui tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya kodi, foleni imefika mlangoni, na wote wanatumia akaunti moja. Majina ya folda za kila mteja aliyefungua flashi yake yanarundikana humo.

Baadhi ya saiba na maabara za shule hutumia programu kama Deep Freeze, ambayo kompyuta ikiwashwa upya huirudisha ilivyokuwa mwanzo. Wateja hulalamika kwamba dirisha halikai walikoliweka. Lakini kufuta huko ndiko kunakoondoa pia majina ya folda zao, na mwenye saiba asiyekuwa na programu hiyo anaweza kumfungulia kila mteja akaunti ya muda na kuifuta akishaondoka.